Boti Aliyoichagua Mshenga

Akifika kwa watu, kitu cha kwanza alichoomba Mshenga ni choo. Si kwamba alikuwa amebanwa. Alitaka kukiona. Wenyeji wako mbioni kupanga viti na kunong'onezana nani atumwe soda, naye anasimama katikati ya sebule, kofia mkononi, anauliza kwa ile sauti yake ya chini, "Samahani jamani, mngenionyesha msalani?" Anaenda, anakaa huko kupita haja yoyote ninayoijua, na akirudi ameshajua mambo ya familia ile ambayo wenyewe hawangeyasema hata ungekaa nao mpaka jioni.

Jina lake nalijua, lakini Kariobangi hakuna aliyelitumia. Mshenga, basi. Watoto walimwita Mshenga, mama wa mboga alimwita Mshenga, hata padri akitangaza harusi alisema, "Mengine mwulizeni Mshenga." Mshahara wake ulitoka kiwanda cha sabuni kule Industrial Area, ila kazi ambayo mtaa uliijua ni ile ya Jumamosi: kuwasemea watu kwenye posa na mahari.

Nieleze kidogo, maana kuna watu hawajaishi Eastlands, huku mashariki mwa Nairobi. Wengi wetu koo zetu ziko mbali, wengine magharibi, wengine kule Murang'a na Nyeri. Binti yako akipata mchumba unahitaji wazee na mashangazi, na kuwaleta wote kutoka nyumbani haiwezekani. Kwa hiyo tunaazimana. Mimi nina saluni karibu na soko, sijazaa msichana hata mmoja, lakini nimekuwa shangazi wa mabinti wengi mpaka wengine tukikutana barabarani nasahau niliwahi kuwalilia. Najifunga leso, napiga vigelegele, nakagua jikoni. Ndiyo iliyokuwa zamu yangu kwenye msafara wa Mshenga. Choo chake, jiko langu.

Imani yake ilikuwa moja tu. Alisema mwanamume anaweza kukudanganya kwa maneno, kwa suti, hata kwa machozi, lakini nyumba yake haiwezi. Kwa hiyo alimsalimia bwana harusi, akamsahau palepale, akaanza kuongea na nyumba. Alifungua bomba. Alikalia kitanda. Alipiga ukuta konzi akasikiliza. Alisogea dirishani akasimama kwenye mwanga kama mtu anayeota jua, maana nyumba yenye giza hakuivumilia kabisa. Alisema mwanamke akianza kuishi gizani hata sauti yake inapungua.

Kuna tajiri mmoja alitaka kuoa binti wa jirani yetu. Nyumba ya ghorofa, geti la kujifungua lenyewe, sisi mashangazi tumeshaanza kuchagua vitambaa vya sare. Mshenga akatoka msalani akapitia jikoni, akakuta kikombe cha bati kimewekwa nje ya dirisha. Akauliza ni cha nani. Ni cha msichana wa kazi, akajibiwa, haruhusiwi kunywea vya ndani. Mshenga akashukuru kwa chai, akala vizuri, akacheka na wazee wenzake, na tulipofika nje akasema, "Binti wetu ataanza na kikombe cha kaure, atamalizia na kile cha bati. Turudi." Tukanuna wiki nzima. Yule tajiri akaoa kwingine, na mwaka haukuisha kabla mkewe hajatolewa nje ya lile geti na nguo zake ndani ya gunia.

Halafu kuna kijana wa mtaa wa Huruma aliyekuwa na chumba kimoja, kitanda na jiko vinatazamana. Baba wa binti alikuwa amekasirika kabla hata ya kuketi. Mshenga akafunua ndoo za maji moja moja. Zimejaa, zimefunikwa, zimesuguliwa. Akageuka akamwambia yule baba, "Mimi ningekuwa msichana ningehamia leo." Tukacheka hadi machozi. Leo hao wawili wana duka na watoto, na wanangu wananunua unga kwao.

Hakuwahi kukosea. Hilo ndilo lililotuponza. Angekosea mara moja moja, kwa vitu vidogo, tungejifunza kumbishia.

Usidhani alikuwa mkali. Angekuwa mkali ingekuwa rahisi. Sauti hakupandisha kamwe. Ukibishana naye alikukubalia hili, akakukubalia lile, akakusifu ulivyolelewa vizuri, na baadaye ukiwa nyumbani unavua viatu ndipo unagundua ulikubali kila alichotaka. Nilikuwa namwambia, "Mshenga, wewe utampaka Mungu mafuta kwa mgongo wa chupa." Anatabasamu, anaangalia chini.

Na huyu mtu aliyejenga ndoa za mtaa mzima, yake ilimshinda. Mkewe aliondoka binti yao akiwa bado mdogo. Majirani walisikia maneno yake ya mwisho mlangoni, na yakazunguka mtaa mzima: "Umekagua vyoo vya Nairobi yote na chetu kimeziba tangu Krismasi." Mshenga hakumfuata. Alizibua choo. Akabaki na mtoto.

Alimlea peke yake. Alijaribu kumsuka akashindwa, akamleta kwangu akiwa na mistari iliyopinda kila upande, akasema, "Shangazi, nisaidie, hapa nimefika mwisho." Tangu siku hiyo kila Jumapili baada ya misa alikaa kwenye kiti changu cha plastiki akisoma gazeti la juzi huku namsuka mwanawe. Mtu aliyeongea mbele ya wazee mia hakujua aongee nini na msichana wake. Alimwuliza, "Umekula?" Anajibu amekula. Basi, gazeti. Lakini mikono yake ilimpiga pasi sketi za shule mpaka zikasimama zenyewe, na hakuna siku mtoto yule alitembea na kiatu kilichokatika.

Kitu kingine: aliogopa maji. Alitoka milimani, si mtu wa ziwa. Mvua ikinyesha na mto ukijaa pale chini kwetu, hakuvuka kivuko, alizunguka njia ndefu hata kama amechelewa kazini. Tulimtania. Alisema, "Maji hayana masikio. Ukiyaambia ngoja, hayangoji."

Binti akakua, akasomea upishi, akapata kazi hotelini Pwani. Huko akakutana na kijana wa kwetu hukuhuku Eastlands, mtoto wa mama mmoja mjane anayeshona akala, vile viatu vya tairi, pale soko la Kariokor. Kijana alikuwa ameenda Pwani kuwauzia watalii viatu vya mamake, akaishia kuosha boti za watu, kisha kuzirekebisha, kisha kuziendesha kwa matanga hadi nchi za mbali na kurudi. Alikuwa mtulivu, mrefu, mikono imekakamaa kwa kamba. Alisalimia kila mtu, hata paka. Nilimpenda tangu siku ya kwanza.

Kwenye mahari ya bintiye, Mshenga hakuruhusiwa kusema. Baba hamsemei mwanawe, ndiyo desturi, na yeye ndiye aliyetufundisha. Tukaazima msemaji mwingine kutoka mtaa wa Umoja, maneno mengi, mpangilio hakuna. Mshenga alikaa amejiziba mdomo kwa kiganja, jasho linamtoka. Lililomsumbua zaidi si msemaji. Ni kwamba hapakuwa na nyumba ya kukagua. Kijana alipanga chumba Kilifi, leo hapa kesho pale kufuata kazi. Wazee wakasuluhisha: siku watakayopata nyumba yao wenyewe, baba wa binti ataitwa akaione. Kila mtu akasahau. Yeye hakusahau.

Ndipo wakaja na habari yao. Walikuja saluni wote wawili Jumapili moja, Mshenga yuko kwenye kiti chake na gazeti, binti ana furaha hawezi kukaa. Walikuwa wamejinyima miaka, na sasa wanataka kununua boti ya matanga. Si ya kutembeza watu ufukweni, hapana. Ya safari ndefu, miezi baharini, Shelisheli, Madagaska, hadi Afrika Kusini, kijana anaongoza, binti anapika, wageni wachache wanaolipa wanakaa nao. Wangeishi humo. Kilifi palikuwa na boti mbili zinazouzwa na wazungu waliochoka na bahari, bei zao karibu sawa, na walitakiwa kuchagua.

Mshenga akakunja gazeti. "Mtaishi humo?"

"Ndiyo, Baba," binti akasema.

"Basi hiyo ndiyo nyumba. Nitakuja kuiona."

Tukaenda. Mshenga, mimi na leso yangu, na kilo za sukari na majani ya chai kwa sababu huwezi kwenda kuona nyumba mikono mitupu. Pale gatini alivaa jaketi la kuokolea kabla hata ya kukanyaga mbao, akalifunga kila mkanda, vijana wa boti wakageuza nyuso wasionekane wakicheka.

Boti ya kwanza ilikuwa ya chuma, kijani iliyochujuka, nyembamba, nzito, imekaa chini sana majini. Madirisha yake yalikuwa ya duara, madogo, unaweza kuyaziba kwa kifuniko cha sufuria. Ukishuka ndani ni giza na harufu ya dizeli. Jikoni mtu mmoja anasimama amebanwa huku na huku, na ukutani umening'inia mshipi wa turubai.

"Huu ni wa nini?" Mshenga akauliza.

"Wa mpishi, Baba," kijana akasema. "Bahari ikichafuka anajifunga, asianguke na sufuria ya moto. Mikono inabaki huru."

"Anafungwa jikoni?"

"Anajifunga, Baba."

Kitanda kilikuwa chembamba, na ubavuni kimesimamishiwa ubao ili anayelala asirushwe nje. Mshenga akavua viatu, akalala humo, akafumbata mikono kifuani. Alikaa hivyo kidogo tu. Akainuka, akapangusa shati, akaomba choo. Akaonyeshwa kichumba cha kusukuma maji kwa mkono. Akatoka akasema, "Nimeona." Nilimjua. Akisema "nimeona" kwa namna ile, mambo yameisha.

Ya pili ilikuwa nyeupe. Ukiingia unajikuta ukumbini, pana, unasimama wima bila kuinama, na pande zote ni vioo vikubwa, bahari yote inaingia ndani na jua lake. Jikoni pana friji na kaunta ndefu iliyozunguka kama ya hoteli. Hata mimi niliishika ile kaunta nikasema, "Ala!" Kitanda cha watu wawili. Choo cha kubonyeza. Binti akasimama mbele ya kioo, mwanga umemjaa, akacheka, na nilimwona babake akimtazama. Sijui kama nishawahi kumwona ametosheka namna ile.

Kijana akakohoa. "Baba, kama nitaruhusiwa, kuna kitu."

"Sema, baba."

"Hii ni nzuri ikiwa hapa. Tukiwa mbali, wimbi likitupiga ubavuni, haya madirisha ni makubwa mno, yanaweza kuingia ndani mazimamazima. Na hapa katikati ni peupe, hakuna pa kushika, mtu anarushwa toka huku hadi kule. Ile ya chuma ina mkuku mrefu," akashusha kiganja kuonyesha ule uti wa chini unaoshika maji, "na uzito wake unaituliza. Haivutii macho, lakini..."

"Asante, baba," Mshenga akasema kwa upole. "Tumesikia."

Sisi tunaohudhuria mahari tunajua maana yake. Mzee akikuambia asante, tumesikia, umefunga mdomo. Na huyu hakuwa mzee wa hivihivi tu, ni babamkwe, ambaye mkwe humwinamia na kumpisha njia. Kijana akanyamaza. Aliangalia vidole vyake vya miguu, maana tulikuwa tumevua viatu.

Mshenga alitoa kauli akiwa ameketi kwenye benchi la gati, bado amevaa jaketi lake. Nyumba ni ile nyeupe. Ile nyingine ni jeneza lenye jiko, na binti yake hapandi. Kijana akamtazama mkewe. Binti akasema, taratibu, "Baba akikataa, mimi sitapanda." Alisema kwa mapenzi. Mtu aliyekupigia pasi sketi miaka yote ile, utamkataliaje?

Nilimvuta kijana kando palipokuwa na kamba. "Ebu niambie ukweli. Ni mbaya?"

"Si mbaya, Shangazi. Ni ya kutembelea karibu. Mtu akitaka kukaa nje miezi, anachagua boti itakayomlinda siku ile moja mbaya. Zile siku nzuri, hata karai litakufikisha."

"Sasa si umwambie!"

"Ameshasema, Shangazi. Nitaanzia wapi? Nitatafuta mbao ngumu za kuziba yale madirisha kukichafuka. Tutaangalia sana hali ya hewa. Itakuwa sawa."

Nikamwambia Mshenga mwenyewe, ndani ya basi tukirudi Nairobi. Nilimweleza yote, mkuku na madirisha na pa kushika. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Wewe ungekuwa mamake, ungemlaza kwenye kile kisanduku?" Na ukweli ni kwamba nisingemlaza.

Miezi ya kwanza Mshenga alitamba. Binti alituma picha ya chapati zimepangwa juu ya ile kaunta, bahari ya samawati nyuma yake, naye akaionyesha kila mtu, mpaka muuza makaa. Boti ilikuwa na kifaa kidogo kilichotuma nukta kwenye ramani ya simu, unaona mahali walipo. Alikuja saluni kila siku kwa sababu nina Wi-Fi. Anaketi kati ya wanawake wenye dawa kichwani, anaangalia nukta inavyosogea, anatutangazia kama mtu wa redio. "Wametoka Shelisheli. Wanateremka."

Siku moja nukta haikusogea.

"Wamepumzika," akasema.

Kesho yake ilikuwa palepale. "Ni betri." Siku iliyofuata alisema mtandao, na baada ya hapo akawa hasemi. Alikaa tu na simu mapajani, akiigusa kila kioo kikizima, mpaka wateja wangu wakaanza kulia bila kujijua, na mmoja akaenda nyumbani na nywele nusu.

Jamani, nimeona watu wakiteseka, lakini sijaona kama yale. Aliacha kunyoa. Aliacha kula, nikimwekea chai inapoa na utando juu. Alipiga nambari ya binti mpaka akawa anajibizana na ile sauti ya mashine. "Najua hapatikani, mama. Nauliza yuko wapi." Alienda kila mahali alipoelekezwa. Siku moja akaniomba nimsindikize kwenye ofisi moja mjini inayohusika na mambo ya meli. Nilipomkuta stendi nilitaka kukimbia. Alikuwa amevaa koti lake la mahari, ameshika mfuko, ndani kuna sukari, majani na leso mpya bado iko kwenye karatasi.

Kijana wa mapokezi alikuwa na adabu. Akaeleza kwamba taarifa imetumwa, meli zinazopita zimeombwa ziangalie. Mshenga akasukuma mfuko juu ya meza.

"Mzee, hatupokei vitu."

"Si hongo, mwanangu. Ni desturi. Sisi tukienda kuomba mtoto hatuendi mikono mitupu. Nionyeshe tu mkubwa wao ni nani. Nikae naye."

"Mkubwa wa nani, mzee?"

Mshenga akauchukua mfuko wake. Tulipotoka alikaa kwenye ngazi, watu wakampita huku na huku. "Nitaongea na nani, Shangazi?" akaniuliza. "Maisha yangu yote nimeongea na watu. Hii bahari haina wazee. Haina hata mlango wa kubisha." Akalia hapo mbele ya watu wa mjini, koti lake la mahari limekunjamana, na sukari imemwagika kidogo kwenye ngazi. Nilimshika begani.

Simu ilikuja kupitia kwangu. Meli ya mizigo imemwokota mtu kwenye mtumbwi wa mpira. Mwanamke. Yu hai.

"Na mumewe?" nikauliza.

Ni mmoja tu, wakasema.

Binti aliporudi hakwenda kwa babake. Alishukia kwangu, amekonda, midomo imepasuka, na kichwani bado ana zile nywele nilizomsuka kabla ya safari, zimekakamaa kwa chumvi. Nilimfumua taratibu, na katika kumfumua ndipo aliponisimulia. Upepo ulikuwa umegeuka ghafla. Mumewe alikuwa ameshaziba dirisha moja kwa mbao, ameshika ubao wa pili, wimbi likaja ubavuni. Kioo kiliingia ndani kizima. Maji yakamnyanyua pale katikati ya ukumbi, na hapakuwa na kitu cha kushika, yakampiga kwenye ile kaunta. Hakuinuka. Alimvuta, akashindwa kumpandisha ngazi, boti inajaa. Hakuniambia alimwachia vipi mkono.

"Simkasirikii Baba," akasema. "Ila nikimwona naiona ile kaunta."

Nilimchukia Mshenga wiki ile. Wacha niseme. Nilimwona anapita ng'ambo ya barabara akiangalia mlango wangu, haingii, nami nikaangalia pembeni. Halafu chuki ikachoka yenyewe, ikabaki huruma tu. Mtaa ulimwogopa. Hakuna aliyemwambia neno baya, lakini posa zikapita bila yeye. Watu wakaanza kuazima msemaji wa Umoja.

Mara ya mwisho tulipotoka pamoja alikuja saluni asubuhi kabla sijafungua vizuri. Kanyoa, kajikata kidevuni. Koti ni lilelile. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, akihakikisha haangalii ndani, asije akamtia uchungu mwanawe, aliyekuwa bado anakaa kwangu.

"Shangazi, nahitaji kusemewa."

"Kwa nani?"

"Kwa mama wa kijana. Sijaenda. Miezi yote hii sijaenda. Hakuna kaburi, nitakwenda kusimama wapi? Nataka kumwomba msamaha, na mtu hajisemei mwenyewe. Nisemee."

Nikavua aproni. Tulitembea hadi Kariokor. Mama yule alikuwa kibandani mwake kati ya vibanda vya viatu, ameketi kwenye kigoda, tairi kuukuu mapajani, kisu mkononi. Alituona tunakuja. Hakuinuka, wala hakutufukuza. Alisogeza viatu kidogo ili tupate pa kukaa.

Nilisema nilivyofundishwa na Mshenga mwenyewe. Nilisema tumekuja wawili lakini tumebebwa na wengi. Nilisema mbele yake ameketi mzee aliyechagua nyumba akidhani anachagua uzima, na hana usingizi, na hajui amwombe nani ila yeye. Nilisema vizuri, nadhani. Yeye alikuwa anakata tairi, kipande kwa kipande, anafuata umbo la mguu.

Nilipomaliza akaweka kisu chini.

"Asante, Shangazi. Umesema vizuri. Sasa nataka nimsikie yeye."

Mshenga akainua kichwa.

"Siku ile mlipoenda kuchagua," mama akasema, "mwanangu alikuwepo. Yeye ndiye aliyezijua hizo boti. Alisema kitu, au hakusema?"

Angeweza kusema hakusema. Mimi peke yangu pale ndiye niliyekuwa shahidi, na nisingefungua mdomo. Huyu ni mtu aliyeweza kumgeuza mzee yeyote Nairobi hii kwa maneno, na maneno alikuwa nayo, najua alikuwa nayo.

"Alisema," akasema. "Alisema madirisha ni makubwa. Alisema hakuna pa kushika. Alitaka ile nyingine."

"Na wewe ukamwambia nini?"

"Nilimwambia asante, tumesikia."

Kibanda cha jirani mtu alikuwa anagonga misumari.

"Na yeye?"

"Akanyamaza."

Mama akachukua kile kipande cha tairi alichokuwa amekata, akakishikilia kwa mikono miwili.

"Ndivyo nilivyomlea," akasema.